Mrija Mpya kwa Kiko cha Zamani

Kiko cha tumbaku kinaweza kurithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila bori lake kupoteza uimara, lakini ni nadra mrija wake kufika salama umbali huo. Bori huchongwa kutokana na fundo gumu la mzizi wa braia, kichaka cha nchi za Mediterania, nalo huvumilia moto kwa miongo mingi. Mrija, kwa kuwa ndio unaoingia kinywani, hung'atwa kila siku, huachwa juani, huangushwa sakafuni, na hatimaye ulimi wake, yaani ncha nyembamba inayochomekwa kwenye kiko, hukatika na kubaki ndani ya shingo, ile sehemu ya mti inayotoka borini kuupokea mrija. Hapo kiko hutupwa, au hutiwa mrija wa kiwandani ambao haukutengenezwa kwa ajili yake, na ili mrija huo uonekane umekaa sawa, shingo hupigwa msasa hadi muhuri wa mtengenezaji unafutika. Hilo la pili hunisikitisha kuliko la kwanza, maana muhuri ukishafutika hakuna wa kuurudisha. Ndiyo sababu nimejizoeza kuchonga mirija ya badala kwa mkono, kila mmoja kwa kiko chake, nikishika kanuni kwamba mrija ndio unaofuata shingo ya kiko, wala shingo haiguswi kwa ajili ya mrija.

Jambo la kwanza la kuamua ni kitu cha kuchongea. Viko vya braia vilianza kutengenezwa kwa wingi katika karne ya 19, hasa katika mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa, na baada ya muda mirija yake mingi ikawa ya eboniti, yaani mpira mgumu. Charles Goodyear alipata hataza ya kuimarisha mpira kwa salfa na joto huko Marekani mwaka 1844, na mwaka 1851 ndugu yake, Nelson, akapata hataza ya mpira mgumu, ambao hupatikana salfa inapoongezwa hadi kufikia takriban robo au theluthi ya mchanganyiko mzima na mchanganyiko huo kupikwa kwa muda mrefu. Kabla ya eboniti kuenea, mirija ilichongwa kwa pembe, mfupa au kaharabu. Bakelaiti, plastiki ambayo Leo Baekeland aliibuni mwaka 1907, ikaja kushika nafasi ya kaharabu katika viko vingi, na akriliki, plastiki nyingine, ikafuata baadaye.

Mimi hupenda kukirudishia kiko kitu cha zama zake. Akriliki ina sifa zake: haibadiliki rangi, hung'aa kwa urahisi na haihitaji kufichwa jua. Lakini ni ngumu kwenye meno, na huvunjika vipande inapopigwa. Eboniti hukubali meno bila kuyaumiza, hukatwa vizuri na tupa, na inapopashwa joto hulegea na kupindwa bila kupasuka. Udhaifu wake unajulikana: salfa iliyo karibu na uso wake, ikikutana na mwanga, hewa na unyevu, huugeuza weusi wa mrija kuwa rangi ya kahawia iliyochanganyika na ukijani, na ladha yake huwa mbaya mno. Udhaifu huo unazuilika kwa mtu anayekihifadhi kiko chake mahali penye giza na kuufuta mrija kila anapomaliza kuutumia, kwa hiyo kwangu hautoshi kuwa sababu ya kuiacha eboniti.

Kabla ya kugusa fimbo ya eboniti, shingo ya kiko lazima isomwe. Ikiwa kipande cha ulimi kimebaki ndani, hukiweka kiko kwenye friza kwa saa kadhaa, kwa kuwa eboniti hunywea kwa baridi zaidi ya mti unaoizunguka, na mara nyingi hilo pekee huachanisha viwili hivyo. Kisha skrubu nyembamba huzungushwa taratibu ndani ya njia ya moshi ya kipande hicho, ishike tu, na kipande huvutwa kwa kunyooka. Anayeikaza skrubu kwa nguvu huupanua ulimi badala ya kuutoa, na shingo ya braia iliyopasuka kwa urefu ni hasara kubwa kuliko mrija uliokatika. Baada ya hapo tundu husafishwa kwa pamba iliyolowa alkoholi hadi pamba itoke safi, maana lami ya tumbaku iliyoganda humpotosha anayepima.

Kupima ndiko kunakohitaji uvumilivu mkubwa, kwa sababu matundu ya viko vya zamani ni nadra kuwa duara kamili. Mti umevimba na kunywea mara nyingi, na ulimi wa awali umezungushwa ndani ya mti huo kwa miaka, hivyo midomo ya tundu mara nyingi huwa imetanuka kidogo kuliko sehemu ya ndani. Kalipa, kifaa cha taya cha kupimia kipenyo, peke yake hudanganya hapa, kwa kuwa hugusa midomo tu. Mimi hutumia pia mashina laini ya biti za drili kama vipimo: moja inayoingia bila kukwama na inayofuata ambayo haiingii hunipa mipaka ya kipenyo halisi, ambacho kwa viko vingi huwa kati ya milimita 6 na 8. Kina cha tundu hupimwa kwa kijiti kilichokatwa bapa mwishoni. Halafu hutazama uso wa shingo yenyewe, mahali mrija utakapoegemea, kujua kama ni bapa na kama umekaa wima juu ya mhimili wa tundu. Ukiwa umepinda kidogo, mpindo huo huandikwa, kwa kuwa ndio utakaoamua uso wa mrija mpya utakatwa vipi.

Kipande cha mrija wa zamani, kama kipo, kina thamani kubwa hata kikiwa kimeoza kwa meno. Urefu wake, unene wake karibu na shingo, upana wa mdomo na kiasi cha mpindo vyote huandikwa kabla ya kazi kuanza. Kama hakipo, umbo la kiko lenyewe hueleza mengi: shingo ya duara, ya yai au ya almasi huutaka mrija uendeleze umbo hilohilo, na mstari wa juu wa shingo unapotazamwa kwa ubavu huonyesha mrija ulipaswa kwenda wapi. Picha za viko vya mtengenezaji yuleyule na wa umbo lilelile husaidia kujua kama mrija ulikuwa wa kupungua kidogo kidogo tangu shingoni hadi mdomoni, au ulikuwa wa tandiko, yaani unaoshuka ghafla baada ya sehemu fupi nene na kuendelea ukiwa bapa.

Fimbo hukatwa ikiwa ndefu kuliko inavyohitajika, na kazi ya kwanza ni kutoboa njia ya moshi, kabla ya ulimi kukerezwa. Mpangilio huo una sababu nzito. Biti nyembamba na ndefu hupotoka kidogo ndani ya eboniti hata mashine ikiwa nzuri, na mtu akikereza ulimi kwanza, tundu linaweza kutokea pembeni mwa ulimi huo na kuudhoofisha upande mmoja. Njia ikitobolewa kwanza, halafu ikatumiwa kuwa kitovu cha kukerezea, ulimi hulizunguka tundu sawasawa pande zote. Hutumia biti iliyochongwa kupungua, inayoanza na milimita 4 hivi upande wa ulimi na kuishia karibu na milimita 2 upande wa mdomo. Huendeshwa polepole, hutolewa mara kwa mara ili kuondoa machujo, na hupoozwa kwa maji, kwa sababu eboniti iliyopata joto hushikana na biti na kuacha njia yenye kuta za kukwaruza. Harufu ya salfa hutanda chumba kizima wakati huo. Vumbi lake halifai kuvutwa, kwa hiyo barakoa na dirisha lililo wazi ni lazima, na msasa hutumiwa ukiwa umelowa kila inapowezekana.

Ulimi unaweza kukerezwa kutokana na fimbo yenyewe, au ukatengenezwa kwa delrini na kupandikizwa. Delrini ni plastiki ngumu na telezi, ambayo haivunjiki kirahisi kiko kikianguka, lakini haishiki gundi vizuri hadi ichorwe mifereji inayozunguka, ambamo gundi hujikamata. Kwa kiko chenye shingo nyembamba mimi huchagua delrini bila kusita. Kwa kiko cha zamani chenye shingo nene hupendelea ulimi wa eboniti ileile, kama ulivyokuwa wa awali. Hukerezwa hadi kipenyo chake kizidi kile cha tundu kwa sehemu ndogo sana ya milimita, kisha kinachobaki huondolewa kwa msasa laini, kidogo kidogo, ulimi ukijaribiwa ndani ya tundu kila baada ya mizunguko michache. Mkao unaofaa hutambulika kwa mkono: mrija huingia kwa kuzungushwa, husimama ulipoachwa, na hutoka bila mtu kukunja uso.

Urefu wa ulimi nao haupaswi kukisiwa. Ukiwa mfupi mno, chumba kitupu hubaki kati ya ncha yake na mwisho wa tundu, moshi huzunguka humo na kupoa, maji hukusanyika, na mvutaji husikia mchemko kila anapovuta. Ukiwa mrefu mno, mrija hauwezi kukaa sawa na uso wa shingo. Mimi huacha nafasi isiyofikia milimita moja, na ncha ya ulimi huipanua kwa ndani ifanane na mdomo wa tarumbeta ndogo, ili moshi unaotoka borini usikutane na ukuta wowote. Uso wa mrija unaozunguka ulimi huchimbwa kidogo kuelekea katikati, hivyo ukingo wa nje peke yake ndio unaogusa shingo. Kisha kiko hushikwa mbele ya taa. Mwanga ukipenya hata kwa unyuzi mmoja kati ya mti na eboniti, ukingo huo hurudiwa.

Hapo ndipo tupa zinapochukua kazi. Mrija huwa umekaa ndani ya kiko wakati wote wa kuchongwa, na shingo hufunikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, tabaka mbili au tatu, ukianzia palepale mti unapoishia. Utepe huo hulinda muhuri, rangi na mng'ao wa mti. Tupa kali hupunguza unene hadi karibu na utepe, kisha tupa laini, kisha msasa uliofungwa kwenye kibao bapa, hadi kidole kikipitishwa juu ya kiungo kisihisi ngazi. Kwa kuwa shingo ya zamani si duara kamili, mrija nao hautakuwa duara kamili; utakuwa na ubapa uleule mdogo upande wa chini na uvimbe uleule upande wa kushoto, kama upo. Mashine ya kukereza haiwezi kufanya hivyo. Mrija wa kiwandani, hata ukiwa wa eboniti nzuri, huja ukiwa na duara lake, na mtu hulazimika ama kuukata mti ama kuishi na ngazi. Kwa maoni yangu, kiungo hiki ndicho kinachotenganisha mrija uliotengenezewa kiko na mrija uliobandikwa tu.

Kutoka kwenye kiungo, mstari wa juu na wa chini huchorwa kwa kalamu nyeupe, na tupa huufuata kuelekea mdomoni, upande mmoja na kisha wa pili, kwa zamu, ili njia ya moshi ibaki katikati. Hapa ni lazima kukumbuka njia ilipo ndani ya fimbo: karibu na mdomo, unene wote hushuka hadi milimita 4 hivi, na kuta za juu na chini za njia huwa nyembamba sana. Hushika mrija dhidi ya mwanga mkali na kupima kwa kalipa mara kwa mara. Mwishoni kabisa huachwa kigongo chembamba kinachozuia mrija kuteleza nyuma ya meno. Hicho huchongwa kwa tupa ndogo yenye ukingo mmoja usiokata, ukingo huo ukielekezwa kwenye kigongo, ili kona ya ndani iwe kali na safi. Kigongo kizuri ni kile ambacho meno hukipata bila kukitafuta. Kikiwa kirefu mno huchosha midomo, na kikiwa kifupi mno mtu hulazimika kuuma kwa nguvu, na mrija unaoumwa kwa nguvu hautadumu.

Mwanya wa mdomo hufunguliwa kwa tupa za sindano na msumeno mwembamba wa sonara. Tundu la milimita 2 lililofika hapo hupanuliwa kwa upana kama kipepeo, huku kimo chake kikibaki kidogo, na upanuzi huo huendelea kwa ndani kwa sentimita moja au zaidi. Nia yangu ni kwamba moshi usibanwe popote kuliko inavyolazimu. Tundu la duara la milimita 3.5 lina eneo la milimita za mraba 9.6 hivi, na mwanya wenye upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 1.2 una eneo hilohilo. Kwa hiyo kadiri njia inavyopungua kimo, ndivyo inavyopaswa kuongezwa upana. Kuta za ndani hulainishwa kwa vipande vya msasa vilivyokunjwa, kisha waya wenye nyuzi wa kusafishia kiko hupitishwa kutoka mdomoni hadi borini. Ukikwama, kazi bado. Viko vingine havitaki mwanya wa namna hii: Charles Peterson wa Dublin alipata hataza mwaka 1898 ya mdomo ambao tundu lake hutazama juu, ili moshi uelekee kwenye kaakaa badala ya ulimi wa mvutaji, na kiko cha aina hiyo kinastahili kurudishiwa mdomo wake wa asili hata kama kuuchonga ni kazi ndefu zaidi.

Kama kiko ni cha kupinda, kupinda hufanywa kabla ya kung'arisha. Waya wa kusafishia huingizwa ndani ya njia ili isibonyee, mrija hupashwa joto kwa hewa ya moto au kwa maji yanayochemka, nao hulegea hadi kukubali kuegemezwa juu ya kigogo cha mviringo. Hushikiliwa hivyo na kutiwa maji baridi. Mdomo wa mrija huwekwa uwe sambamba na ukingo wa juu wa bori. Eboniti ina sifa ya kupendeza hapa: ikipashwa joto tena hurudi ilivyokuwa imenyooka, kwa hiyo mpindo usioridhisha hurudiwa bila hasara. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoinua alama za meno katika mirija ya zamani ambayo haijatoboka, na mwenye mrija wa namna hiyo afikirie joto kwanza kabla ya kufikiria mrija mpya.

Kung'arisha ni kupanda ngazi ya misasa tu, kutoka namba 220 hadi 2000, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Jambo moja ndilo la kuangalia: mrija ukipigwa msasa laini ukiwa nje ya kiko, ukingo wake wa kiungo hulika na kuwa mviringo, na mstari wa kivuli hutokea pale palipokuwa na ukaribu kamili. Kisahani chembamba cha plastiki kinachovalishwa juu ya ulimi hulinda ukingo huo. Mwisho hupakwa nta ya kanauba kwa gurudumu la kitambaa. Nta hiyo hutoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende, nayo huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 80, kwa hiyo haitoki kwa joto la mkono. Gurudumu halisimamishwi mahali pamoja, maana eboniti huungua.

Wapo wanaoniomba niweke pia alama ya mtengenezaji, kwa mfano ile nukta nyeupe inayoonekana juu ya mirija ya Dunhill. Hukataa. Nukta hiyo ni ahadi ya karakana ile kuhusu kazi yake yenyewe, na mrija nilioutengeneza mimi hauwezi kuibeba bila kumdanganya atakayekinunua kiko baadaye. Mrija wangu hubaki mtupu, na kipande cha mrija wa zamani hurudishwa kwa mwenye kiko kikiwa kwenye kimfuko chake, ili vipimo vya asili visipotee.

Kiko kinapoanza kutumika tena, mti wa shingo hunywa unyevu na kuvimba, na ulimi uliokuwa unateleza vizuri unaweza kubana. Mwenye kiko asiuzungushe mrija kikiwa bado cha moto. Akiache kipoe kabisa, kwa kuwa shingo nyingi hupasuka katika dakika hizo. Ukiendelea kubana hata kiko kikiwa baridi, ulimi husuguliwa kwa kalamu ya risasi, na unga wake mweusi huurudishia utelezi. Ukilegea, upakwe nta ya nyuki kidogo, au upashwe joto taratibu na ncha ya biti laini iliyo nene kidogo kuliko njia ya moshi isukumwe ndani yake ili uutanue. Marekebisho hayo huenda yakahitajika mara chache katika majuma ya mwanzo, kisha mti na eboniti huzoeana.